Chatu Asiyekula: Je, Tumlazimishe?



Huku kwetu Puge, kama kote Unyamwezini na Usukumani, chatu mikononi mwa mcheza ngoma si jambo geni. Vikundi vya wacheza nyoka, hasa Bayeye, vimewafuga tangu zamani, na huko Bujora karibu na Mwanza ngoma hiyo imeonyeshwa kwa wageni miaka mingi. Hapo huzuka swali lionekanalo dogo: chatu akifungiwa, kisha akakataa kula, je, ni haki kumfumbua kinywa kwa nguvu na kumsukumia nyama?

Wengine watasema nyoka alilaaniwa Edeni, tusijisumbue naye. Lakini Mithali 12:10 yapima haki ya mtu kwa jinsi anavyomtunza mnyama wake, na Zaburi 104 yawahesabu hata wanyama wa porini kati ya wale wanaomngojea Mungu awalishe. Laana ya Edeni haikutupa ruhusa ya kutesa. Na kama katika ngoma ile kuna uganga, uganga ni wa mtu. Chatu hana hatia.

Basi tumtazame kiumbe mwenyewe. Mlo mmoja mkubwa waweza kumtosha wiki nyingi, hata miezi. Akikaribia kujivua gamba, macho yake huwa na ukungu naye huacha kula. Jike akilalia mayai hali mpaka yaanguliwe. Mwili wake hupata joto kutoka nje, kwa hiyo wakati wa baridi ya Juni na Julai hasagi chakula vizuri. Tena akichokozwa mchana kutwa ndani ya sanduku, hofu humzuia. Ukimlazimisha waweza kumjeruhi kinywa, na huenda akatapika yote. Dawa yake ni joto, maji, mahali pa kujificha, na subira. Kisha apewe panya au kuku usiku, aachwe peke yake.

Hapa ndipo swali linapokuwa kubwa. Tunapomlazimisha, twamhurumia yeye, au twaogopa hasara yetu kwa kuwa siku ya ngoma imekaribia? Aliyemfunga amemnyang'anya uwezo wa kuwinda, kwa hiyo deni la kumlisha ni lake. Lakini deni hilo halilipwi kwa chakula peke yake.

Njia ya misafara yetu yajua hayo. David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, aliandika katika kumbukumbu zake juu ya watu huru waliokamatwa utumwani. Walikufa bila ugonjwa ulioonekana, wakionyesha kwamba panapouma ni moyoni tu. Hatumlinganishi nyoka na mtu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Twasema tu kwamba mwenye kufunga hupenda kutazama sahani, asiutazame mnyororo.

Mtu atauliza: basi tumwache afe, tuseme ndiyo hiari yake? La. Huo ni uvivu, si heshima. Akidhoofika kweli, aitwe daktari wa mifugo. Na kama kifungo ndicho kinachomuua, wapewe habari maofisa wa wanyamapori, ambao ndio wenye mamlaka juu yake kwa sheria ya mwaka 2009.

Tena neno hili si la chatu tu. Mzee mgonjwa akikataa uji, mtoto akikataa ugali, kijana akikataa kuja kanisani, upesi sisi hukimbilia kulazimisha. Yatupasa kuuliza kwanza: tumemweka mahali gani? Anaona baridi? Anatuogopa? Tukitengeneza mahali pale, mara nyingi njaa hurudi yenyewe. Bwana wetu naye hubisha mlangoni, wala havunji mlango.