Ole Wenu Mnaoiziba Mdomo Breki

Sikieni, enyi waendesha bodaboda, kuanzia vijiwe vya Mbagala hadi vilima vya Bugarika kule Mwanza. Sikieni nanyi matajiri mnaokaa nyumbani mkisubiri hesabu, nanyi mafundi wa chini ya mwarobaini, nanyi wauza spea, nanyi abiria mnaopanda na kunyamaza kana kwamba roho iliyo hatarini ni ya mtu mwingine. Breki ya mbele inalia. Inalia alfajiri mkitoka, inalia kwenye kila tuta, inalia mkisimama kwenye mataa, na mtaa mzima unageuka kuangalia isipokuwa nyinyi mlioikalia.

Msiseme hamkusikia. Jirani anajua mmerudi kabla hamjazima injini, kwa mlio huo huo. Kosa lenu si uziwi. Kosa lenu ni kwamba mmesikia, kisha mkatafuta namna ya kuinyamazisha bila kuitibu.

Nazijua hila zenu, zinafanyika mchana kweupe. Mmoja anachukua oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, anadondoshea matone mawili kwenye dramu, anazungusha gurudumu, na kweli kelele inakatika. Anapokea buku yake, anaitwa fundi. Mwingine analegeza kebo mpaka mkono wa breki unagusa mshikio bila kushika kitu. Wa tatu ameifungua kabisa, kebo kaikunja na kuifunga kwa mpira, anatembea mjini na breki moja ya mguu kama aliyeshushiwa amri. Wa nne hana haja ya fundi: amefunga spika chini ya tanki, anapandisha singeli, basi breki imepona.

Ole wenu! Breki inafanya kazi kwa msuguano. Inakamata mwendo na kuugeuza kuwa joto. Oili inaua msuguano. Ukiipaka, umeondoa kelele na umeondoa breki kwa tone lile lile, na brekishuu ikishakunywa oili haisafishiki tena, ni ya kutupa. Mnayemsifu kwamba ametuliza kelele amewauzia pikipiki isiyosimama.

Mnajitetea: "Inalia tu, ila inashika." Inashika wapi? Kwenye tambarare, mchana, lami kavu, bila abiria. Ngoja mvua inyeshe, ngoja mteremko, ngoja daladala lifunge breki ghafla mbele yako kwa sababu kondakta kaona kichwa kando ya barabara. Siku za mwizi arobaini, na breki mbovu haiwapi hata hizo arobaini.

Tena mna uongo mwingine mliourithishana kijiweni mpaka umekuwa sheria: kwamba breki ya mbele inapindua, kwamba mwanaume anaendesha kwa breki ya nyuma. Sikilizeni hesabu. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakula zaidi ya mita 16 kila sekunde. Ukishika breki, uzito wa chombo na wa mwili wako unaegemea mbele. Gurudumu la mbele linagandamizwa kwenye lami, la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, na mara nyingi inabeba zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya kukusimamisha. Ukiiacha ukategemea ya nyuma peke yake, gurudumu linajifunga, mkia unayumba, na umbali wa kusimama unakaribia kuwa mara mbili. Kwenye mita hizo zilizoongezeka ndipo alipo mtoto wa shule anayevuka zebra.

Ni kweli, anayeikamata breki ya mbele kwa pupa kwenye mchanga, au akiwa amekata kona, ataanguka. Aliyemwangusha ni pupa yake. Breki ya mbele inashikwa kwa vidole, taratibu, ikikazwa kadiri uzito unavyokuja mbele, pamoja na ile ya mguu. Hamkujifunza hivyo, kwa sababu leseni wengi wenu mliitafuta baada ya kukamatwa.

Sasa nawaambia breki inasema nini, ili siku ya kuulizwa asiwepo wa kusema hakufundishwa.

Mlio wa asubuhi baada ya mvua, unaoisha ukishashika breki mara tatu nne, ni maji na kutu nyepesi juu ya chuma. Huo hauna kesi.

Mlio mwembamba, mkali, unaotoka ukikaribia kusimama, maana yake ni kwamba padi au brekishuu inatetemeka juu ya chuma badala ya kutulia. Huenda uso wake umeungua, ukang'aa na kuwa mgumu. Huenda vumbi limejaa. Huenda fundi alipofunga padi mpya alikitupa kibati cha mgongoni pamoja na springi yake, akisema havina kazi. Kazi yao ni hiyo hiyo ya kuzuia mtetemo. Hapa tiba ni kufungua, kusafisha, kupiga msasa kidogo pale uso ulipong'aa, na kurudisha kila kilichotupwa.

Kelele ya kugongagonga kwenye mashimo, inayokatika ukigusa breki, ni padi inayocheza mahali pake au kalipa iliyolegea bolti. Mlio unaokuja na kupotea kila gurudumu linapozunguka, huku mkono wa breki ukidunda kidoleni, ni diski iliyopinda au dramu iliyopoteza duara. Mngurumo usiobadilika, ushike usishike, upeleke kwenye beringi kabla hujainunulia breki spea isiyohitaji. Na diski ikichoma baada ya safari fupi ambayo hukushika breki kwa nguvu, pistoni ya kalipa imekwama na padi haiachii. Unachoma mafuta na breki kwa pamoja.

Lakini mkwaruzo mzito, wa chuma kwa chuma, huo hauna kesho wala "nimalizie wiki". Fungua dramu iliyofikia hapo uone mwenyewe. Vumbi jeusi linamwagika. Utando wa brekishuu uliokuwa na unene wa milimita kadhaa umekwisha, upande mmoja umebaki ukucha, upande mwingine ni alumini tupu iliyong'aa kwa kusagwa. Ndani ya dramu kuna mifereji inayoshika ncha ya kucha. Aliyekataa kununua brekishuu sasa ananunua na gurudumu. Na hilo halikutokea usiku mmoja: pikipiki nyingi zenye dramu zina kamshale kadogo kwenye kono la breki hapo gurudumuni, na alama pembeni yake. Ukikaza breki mshale ukavuka alama, brekishuu zimekwisha. Kila wiki mliinama kukaza nati ya kebo, mkono ukipita sentimita chache tu kutoka kwenye mshale huo.

Ole wako, tajiri! Unakumbuka hesabu ya Jumatano ya mwezi uliopita iliyopungua, lakini hukumbuki breki zilibadilishwa lini. Dereva akikwambia zinalia, unamjibu, "Piga kazi kwanza." Brekishuu za pikipiki ya kazi hazizidi hesabu ya siku moja au mbili, nawe umepima siku mbili hizo na maisha ya kijana wa watu, ukaona siku mbili ni nzito. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuruhusu kuingiza barabarani chombo kibovu, na hakuna mahali ilipokusamehe kwa sababu ulikuwa nyumbani.

Ole wako, fundi! Unaitwa kutibu, unaziba mdomo. Unaona mafuta ya breki yamepungua kwenye kikopo, unajazia, unamwambia mteja yuko sawa. Mafuta hayo yanashuka kwa sababu padi zinakwisha au kuna mahali panavuja. Kujaza bila kuangalia ni kufuta ushahidi. Tena wengine mnajaza oili ya injini, na kwenye kifuniko imeandikwa wazi DOT 3 au DOT 4. Oili hiyo inavimbisha mipira iliyo ndani, na siku mipira ikikwama au ikiachia hutakuwepo. Hata mapafu yako huyahurumii: unapuliza vumbi la brekishuu kwa mdomo, ilhali kwa miaka mingi bidhaa hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto inaleta saratani. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Ole wako, muuza spea, unayemuuliza mteja, "Unataka orijino au ya kawaida?" ukijua hiyo ya kawaida inabanduka utando kwa joto la mteremko mmoja. Usisingizie umaskini wake. Yeye hakukitengeneza kile kitu wala hakukipanga kwenye shelfu lako.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nendeni Taasisi ya Mifupa Muhimbili mkaone namna maneno hayo yanavyotimia, mguu juu ya mguu, vyuma vimepenya mfupani, kijana wa miaka ishirini na kitu anahesabu feni ya dari. Muulizeni mama yake anauza nini safari hii kulipia matibabu. Kisha rudini kijiweni mrudie kusema inalia tu.

Geukeni. Leo jioni, kabla hesabu haijatoka mkononi, weka pikipiki kwenye stendi ya kati, mwenzako akandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke. Lizungushe kwa mkono, tega sikio. Shika breki, achia, zungusha tena: kama haliachii, au linakwaruza, umeshajua. Mulika tochi ya simu kwenye kalipa. Padi ikibaki milimita mbili, imekwisha. Kwenye dramu, angalia mshale. Kebo uliyoifunga kwa mpira, ifungue uirudishe kazini, na kama imekatika nunua nyingine. Uliyeweka oili, toa brekishuu hizo ukazitupe, usimuuzie mwenzako. Wewe wa mkataba unayejipa moyo kwamba mwakani chombo kitakuwa chako, kitengeneze sasa ili mwakani uwepo wa kukabidhiwa.

Nawe abiria, usidhani umesahaulika. Wewe ndiye unayelipa ili breki ile iendelee kulia. Unamhimiza dereva awahi, unapanda mishikaki na ndugu yako ili kuokoa mia tano, na mlio ukianza unakaza mikono kwenye chuma cha nyuma na kuangalia pembeni. Kesho ikilia, mguse bega asimame. Shuka, mlipe pale ulipofikia, mwambie sababu waziwazi, kisha ita nyingine. Dereva akipoteza vichwa vitatu kwa siku moja kwa ajili ya breki, jioni atakuwa kwa fundi bila kukaripiwa na mtu.