Kisicho na bei kitunzwe na nani?



Katika toleo hili tunapenda tufikiri pamoja juu ya swali ambalo vijana wetu wanafunzi huliuliza mara kwa mara, na ambalo sisi wazazi hatulijibu vizuri. Swali ni hili: mtu asiye na shamba wala nyumba yake, anayeishi katika nchi ya wengine kwa kibali na karatasi, je, anawajibika kutunza mazingira ya mahali hapo? Na je, ni haki kumwomba afanye kazi ya kujitolea, wakati yeye mwenyewe anahitaji kusaidiwa?

Wako wanaojibu ndiyo upesi kwa sababu wamezoea mahubiri. Wako wanaojibu hapana upesi kwa sababu wamechoka. Tusikimbilie jibu lolote. Twende kwanza Bujumbura, mahali ambapo swali hili linaonekana kwa macho.

Wengi waliopita Bujumbura wanaifahamu Zone Industrielle, ile sehemu ya viwanda na maghala. Hapo hutengenezwa bia na soda, sabuni ya mawese na vitu vingine vya kila siku, na malori hupita mchana kutwa. Mtazame mtu anayekunywa soda kando ya barabara hiyo. Chupa ya kioo hawezi kuiacha njiani. Anajua ina bei: asiyerudisha tupu hapewi iliyojaa mpaka alipie na chupa. Ndivyo ilivyo kwa soda, ndivyo ilivyo kwa bia, hata kama bia si kinywaji cha wengi wetu. Kwa hiyo ni vigumu kuikuta chupa nzima mtaroni. Hata mtoto akiiona ataiokota. Lakini mtu huyo huyo, akimaliza karanga zake, ile sashe ya plastiki anaiachia upepo. Mtu ni mmoja na mkono ni mmoja. Tofauti ni bei tu.

Hapo ndipo penye swali letu. Soko linatunza kilicho na bei, na kisicho na bei linakiita takataka. Sasa hesabu vitu visivyo na bei katika maisha yetu: udongo wa njia ya watu wote, maji ya mtaro, kivuli cha mti usio na mwenyewe, saa mbili za jioni za kijana asiye na ajira. Ni nani atavitunza hivyo?

Sisi wakimbizi tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kuna siku tulivuka mpaka tukiwa hatuna bei yoyote sokoni. Vyeti vyetu havikutambuliwa, pesa zetu zilipoteza nguvu, na ujuzi wetu haukuulizwa. Mama aliyetupa maji siku ile hakutuuzia. Alitutendea kama watu wenye thamani kabla hatujawa na faida yoyote kwake. Basi tunajua, si kwa kusoma kitabuni, kwamba bei na thamani ni mambo mawili.

Yohana sura ya 6 inasimulia jinsi Yesu alivyolisha umati, kisha akaagiza mabaki yakusanywe, pasipotee kitu. Mkate ule haukuwa na bei. Ulitolewa bure, na aliyeutoa angeweza kutoa mwingine. Hata hivyo aliagiza uokotwe. Kama angekuwa anahesabu bei tu, vikapu kumi na viwili vya mabaki vingekuwa kazi bure.

Lakini yako mapingamizi, na si ya kupuuzwa. Tuyasikilize moja baada ya jingine.

Pingamizi la kwanza: "Hapa si kwetu."

Baba mmoja anaweza kusema: nikipanda mti hapa, nani atakula matunda yake? Na chini ya maneno hayo kuna hofu iliyo kubwa zaidi, kwamba mtoto anayependa udongo wa ugenini atasahau wa nyumbani.

Tuangalie ramani. Mto Ntahangwa unashuka kutoka milimani, unakata jiji la Bujumbura na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ni la nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga karibu na Kalemie. Kwa hiyo maji yake hubadilika polepole mno, kwa kipimo cha mamia ya miaka. Tunachokiingiza leo watakikuta wajukuu wa wajukuu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura hutoka katika ziwa hilo hilo, na ndagala na mukeke tunaowala pia. Mto Malagarasi, unaokusanya maji ya kusini-mashariki mwa Burundi na ya upande wa Kasulu, nao unaishia humo. Ndiyo maana nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja, tarehe 12 Juni 2003, huko Dar es Salaam.

Mtu wa Uvira aliye Bujumbura anaiona milima ya kwao ng'ambo ya maji. Ile sashe aliyoiacha mtaroni mwa Zone Industrielle haitaulizwa kitambulisho mpakani. Inaweza kufika kwao kabla yake. Basi neno "si kwetu" ni kweli katika karatasi za serikali, lakini si kweli katika maji.

Na ile hofu ya kusahau nyumbani? Ibrahimu alipanda mti Beer-sheba, akakaa mgeni katika nchi ya Wafilisti. Isaka alichimba visima katika nchi isiyo yake. Viwili vya kwanza vikagombaniwa, akaviacha, akachimba kingine. Visima alivyoviacha havikukauka kwa sababu yeye ameondoka. Na Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge, walime bustani, na wautakie amani mji waliopelekwa. Katika barua hiyo hiyo aliwaahidi kwamba watarudi. Hakuona kwamba bustani inapingana na safari ya kurudi. Anayepanda ugenini anaendelea kuwa mtu mzima kamili mpaka siku ya kurudi, badala ya kukaa miaka kumi kama mtu anayesubiri gari.

Tukubali pia upande wa pili. Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walipofika kandokando ya Goma, misitu ya Hifadhi ya Virunga ilikatwa sana kwa ajili ya kuni. Mama aliyekata tawi ili mtoto wake ale hakuwa mwovu. Mahitaji makali hupunguza lawama. Lakini hayarudishi mti. Kwa hiyo tunaposema "tulilazimika", tuendelee na sentensi: tulilazimika, na sasa, penye nafasi ya kuchagua, tutafanya nini?

Pingamizi la pili: "Langu ni dogo mno."

Mwanafunzi akipita kati ya viwanda anaweza kusema: moshi na maji machafu ya hapa ni ya mashine kubwa, mimi na kikapu changu tutabadilisha nini? Kijana huyu anasema kweli kwa sehemu. Si haki kumbebesha mwanafunzi mzigo wa kiwanda. Mwenye mashine awajibike kwa mashine, na serikali iwajibike kwa sheria. Burundi ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2018, ikatoa muda wa miezi 18 kabla ya kuanza kutumika. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Haya ni mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya kwa kikapu.

Lakini sheria peke yake haiokoti mfuko ulio tayari mtaroni. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Tusisahau kwamba haba na haba hujaza mtaro pia. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishusha maji na matope kutoka milimani hadi mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, Gatunguru ikiwamo, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mvua ile haikuletwa na sashe. Hata hivyo maji yanayokosa njia hujitafutia njia, na mara nyingi njia hiyo ni ndani ya nyumba ya maskini. Mtaro wa mbele ya nyumba yako ni mdogo, na aliye karibu nao kuliko waziri ni wewe.

Basi kanuni ni hii: kila mmoja awajibike kwa kadiri ya nguvu yake na ukaribu wake. Mwenye nguvu kubwa ana deni kubwa. Asiye na nguvu kubwa bado ana lile lililo mkononi mwake.

Pingamizi la tatu: "Mwenye njaa hujitoleaje?"

Hili ndilo zito kuliko yote. Vijana wetu wameona mtu akifanya kazi mwaka mzima kwa jina la "kujitolea" na kupewa kipande cha sabuni, huku mwingine, kwa kazi ile ile, akilipwa mshahara. Wakisema wamechoka na neno hilo, tusiwakemee.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huichukua methali hii kama karipio kwa mgeni mvivu. Tuisikie vingine. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Lakini methali inamwagiza mwenyeji naye: jembe utoe wewe, na shamba uonyeshe wewe. Kumwambia mgeni alime bila kumpa pa kulima ni mzaha.

Kwa hiyo, kijana anapoombwa kujitolea, ajiulize mambo matatu. Je, naweza kukataa bila kuadhibiwa? Je, kazi hii inamfaa jirani, au inampunguzia mtu fulani mshahara aliopaswa kulipa? Je, chakula na masomo yangu vinabaki salama? Penye jibu baya, hiyo si sadaka; ni kazi isiyolipwa, na kanisa halipaswi kuibariki kwa jina zuri. Penye jibu jema, hata maskini kabisa anaweza kutoa, kwa maana Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kipawa hupokelewa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Na kuna heshima katika kutoa. Mtu anayepokea tu miaka yote huanza kuamini kwamba yeye ni mkono uliokunjuliwa na basi.

Hatua za kila siku

Mwanafunzi afanye nini, basi? Hatuhitaji mambo makubwa. Aende sokoni na kikapu au mfuko wa kitenge, akatae sashe ya pili. Aandike pande zote mbili za karatasi, na kurasa zilizobaki za daftari la mwaka jana azishone kuwa daftari jipya. Maharage yalowekwe usiku kucha. Kesho yataiva kwa makaa machache, na mama ataona tofauti katika pesa ya makaa. Maji yaliyooshea mboga yamwagilie lengalenga. Maganda ya ndizi na mihogo yafukiwe shimoni, yageuke mbolea.

Kisha atoe saa moja au mbili kwa wiki, zisizozidi uwezo wake. Nchini Burundi asubuhi ya Jumamosi imekuwa kwa miaka mingi wakati wa kazi za pamoja za jamii. Penye desturi hiyo asijifiche nyuma ya mlango, maana wenyeji na wageni wakishika koleo moja hufahamiana upesi kuliko katika mkutano. Penye kutokuwa na desturi hiyo, azibue mtaro kabla ya masika, amchotee maji bibi asiye na mtu, au awafundishe kusoma watoto waliofika juzi. Februari 2025 maelfu walivuka Mto Rusizi kutoka Kongo wakafikia uwanja wa mpira wa Rugombo, na wengi baadaye wakapelekwa Musenyi. Watoto kama hao hawahitaji mwalimu mwenye shahada siku ya kwanza. Wanahitaji mtu anayejua lugha yao na anayejua choo kiko wapi.

Tunarudi basi kwenye swali: kisicho na bei kitunzwe na nani? Jibu letu ni kwamba kitunzwe na kila anayejua kwamba thamani haianzi sokoni. Mwenyeji anaweza kulijua hilo. Mwenye kiwanda anapaswa kulijua. Lakini aliyewahi kupokelewa bure hana udhuru wa kutolijua.

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Ni kitu gani kisicho na bei karibu na nyumba yetu ambacho hakuna anayekitunza?
2. Je, watoto wetu wanaposikia neno "kujitolea", wanasikia heshima au wanasikia dhuluma? Kwa nini?
3. Tukirudi nyumbani mwaka ujao, tungependa wenyeji wakute nini mahali tulipoishi?