Aliyepita na Aliyepitiwa

Maneno mengi ya Kiingereza yanayotaja makosa yalizaliwa njiani, miguuni pa watu wanaotembea. "Error" linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutangatanga. "Lapse" linatokana na kile cha kuteleza. "Deviate" ni kuiacha njia. "Wrong", ambalo Waingereza walilipokea kutoka kwa walowezi wa Kiskandinavia, awali lilimaanisha kilichopinda. Hata "delirium", ambalo matabibu wamelihodhi kwa maana ya kuweweseka, asili yake ni shamba: ni kutoka nje ya mfuo wa plau.

Shamba hilohilo limezaa "prevaricate". Pliny Mkubwa, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba mlimaji asiyeinamia kazi yake hulima upogo, na kwamba neno hilo la wakulima ndilo lililohamia barazani kwa mahakimu. Huko likawa jina la hatia ya mwendesha mashtaka aliyekula njama na mshtakiwa. Leo limebaki kumtaja mtu anayeuzunguka ukweli kwa maneno mengi, na plau imesahauliwa kabisa.

Lakini miguu hii haiendi kwa nia moja. Anayetangatanga hajui aendako. Anayeteleza hakutaka kuanguka. Anayevuka mpaka ameuona mpaka. "Trespass", lililopitia Kifaransa, na "transgress", lenye asili ya Kilatini, ni maneno ya huyu wa tatu. Ndiyo maana mwanasiasa wa London akikamatwa na aibu hukimbilia "error" au "lapse", wala humsikii akitamka "transgression". Ameondoka mpakani akasimama penye utelezi, na kwa hatua hiyo moja amepunguza nusu ya lawama. Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1901 juu ya kusahau na kuteleza kwa ulimi, alikataa kuamini kwamba utelezi huo hauna nia ndani yake. Si lazima tumfuate mpaka mwisho, ila shaka yake ina manufaa.

Wako wanaosema Kiswahili ni maskini hapa, kwa kuwa "kosa" hulibeba kosa la tahajia na kosa la jinai kwa pamoja. Mkalimani wa mahakama ughaibuni anaujua uzito wa jambo hilo: shahidi akisema "nilikosa", je, alikiri uhalifu au alisema alikosea tu? Hata hivyo umaskini huo ni wa juu juu. Kukosa ni kutofikia, kama mshale unaokosa shabaha, na hapo tunakutana na Wagiriki, ambao kitenzi chao cha mkuki usiompata adui ndicho kilichozaa "hamartia". Kisha sarufi yetu huongeza jambo ambalo "error" haliwezi: kiambishi kimoja tu, na "nilikosea" inakuwa "nilimkosea". Aliyeumizwa ameingia ndani ya kitenzi, hatoki.

Liko neno jingine lililo gumu zaidi: "nilipitiwa". Katika "trespass" mkosaji ndiye anayepita. Katika "nilipitiwa" mkosaji amesimama, na kitu ndicho kinachompita: usingizi, usahaulifu, au, kama washtakiwa wengi wanavyosema, shetani. Msikilizaji mgeni husikia hapo hila ya kujivua. Mimi siioni hivyo. Mwenye kutamka "shetani alinipitia" mbele ya wazee wa ukoo hajalikana tendo lake. Ameanza kuungama, na swali linalofuata ni nani aliyekosewa na ataombwaje radhi.

Mkalimani akichagua "lapse", amempunguzia mtu huyo mzigo ambao mwenyewe hakuomba kupunguziwa. Akitafsiri neno kwa neno, hakimu atadhani analetewa utetezi wa wazimu. Ningemshauri aombe ruhusa ya kueleza, kwa dakika moja, ni nani katika sentensi ile aliyekuwa akitembea.