Sheikh Ramiya: Mtumwa aliyeusomesha mji

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, ukitoka Kinondoni au Temeke kwenda Bagamoyo ni mwendo wa kilomita zipatazo 70 tu. Wengi wetu tumekwenda huko kutembea, kula samaki na kutazama magofu. Wachache wamekwenda kuuliza habari za Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931.

Mzee huyu asili yake ni Manyema, mashariki ya Kongo. Aliletwa pwani akiwa mdogo, mtumwa, kwa njia ile ile ya misafara iliyoleta pembe za ndovu. Bagamoyo akawa mali ya Amir bin Suleiman al-Lamki, mmoja wa wakubwa wa mji. Tuseme wazi maana ya jambo hilo: hakuwa na ukoo wa kumtetea, wala hakuwa na shamba au mjomba wa kumkimbilia. Katika mji uliowapima watu kwa nasaba, yeye alikuwa chini kabisa.

Alianza na biashara ndogo ya samaki. Akajibana, akanunua ardhi, akawa mwenye mashamba ya minazi. Wakati huo huo akatafuta elimu kwa masheikh wa mji, akasoma mpaka akawa mwalimu na akafungua madrasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa khalifa wa tariqa ya Qadiriyya, na kutoka Bagamoyo wafuasi wake wakaenea hadi bara, kule kule alikotolewa akiwa mtumwa. Muuza samaki, mkulima, mwalimu na kiongozi wa roho za watu: yote hayo kwa mtu mmoja, katika mji mdogo. Kumbukeni kuwa sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, yeye akiwa tayari ni sheikh anayeheshimiwa.

Wapo miongoni mwetu wasioafikiana na mambo ya tariqa, maulidi na ziara. Mjadala huo una mahali pake, na wanazuoni wanaujua. Lakini asiyeafiki dhikiri hazuiliwi kujifunza kutokana na maisha ya mja wa Allah.

Na funzo lenyewe ni lipi? Mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kuuchukia mji ule. Angeweza kupata mali yake akajifungia ndani, au akawalipa waungwana kwa dharau ile ile waliyomwonyesha. Yeye aliwapa elimu. Akakaa nao na kuwafundisha dini. Huo ndio moyo mwema. Wema wa mtu ambaye hakuwahi kudhulumiwa ni mwepisi. Wema wa aliyedhulumiwa una uzito mwingine kwenye mizani.

Nao watu wa mji wana sifa yao. Walikubali kukaa kwenye mkeka mbele ya mtu aliyekuwa mtumwa. Je, sisi wa leo tungekubali?

Nikisomesha, wanafunzi hunitajia Bilal (R.A.) haraka sana. Wanajua alivyopanda juu ya Al-Kaaba akaadhini siku ya kufunguliwa Makka. Wanajua pia kisa cha Abu Dharr (R.A.), aliyemwaibisha mtu kwa asili ya mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa bado ana mabaki ya ujahiliya. Visa hivi tunavihubiri kila mwaka. Kisha tunatoka msikitini na kuanza: imamu huyu ni wa wapi? Huyu si mtu wa pwani. Yule wa bara, kasilimu juzi tu. Huyo ustadhi anauza mitumba, atatufundisha nini?

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu ya Tandika, Mbagala, Manzese na Magomeni wapo kina Ramiya wengi. Ni vijana waliokuja mjini bila ndugu, wanaouza samaki au maji asubuhi, na jioni wanasomesha watoto wetu Qur'an kibarazani kwa ada ambayo mara nyingi hatulipi. Tunawaita maustadhi wa njaa. Tumesahau kuwa Mtume (S.A.W.) alikisifu chakula cha mtu kinachotokana na kazi ya mkono wake, akamtaja Nabii Daud (A.S.) kuwa mfano. Kuuza samaki hakukumpunguzia Sheikh Ramiya elimu. Kulimpa uhuru wa kusimama kwa miguu yake.

Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alishika nafasi yake, na katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa masheikh walioiunga mkono TANU. Mjukuu wa mtu asiyejulikana akasaidia kuikomboa nchi.

Basi wiki hii tufanye mambo mawili. Tumlipe ustadhi wa watoto wetu haki yake kabla jasho lake halijakauka. Na tukikutana na mtu msikitini, tumuulize hali yake kabla ya kumuuliza kabila lake. Siku ya Kiyama Allah hatatuuliza tulizaliwa na nani, bali tulitenda nini.

Allah amrehemu Sheikh Ramiya na wazee wetu wote waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.