Haki ya Jirani na Nyumba za Kupangisha Wanafunzi

  

Mwaka 1964 chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia kilimani upande wa Ubungo, nje ya mji wa siku zile. Leo wanafunzi ni maelfu, mabweni hayawatoshi, nao hushuka kutafuta vyumba Changanyikeni na Msewe. Chumba alichokaa kibarua na mkewe na wanawe, hukaa vijana wanne, kila mmoja akatoa fungu lake. Jumla ikampita kibarua. Mwenye nyumba huongeza vyumba hata ua ukaisha. Mpangaji wa zamani huhamia mbali, na watoto wake wakaondoka chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani. Basi chuo kimoja hukipunguzia wanafunzi chuo kingine!

Wako wawalaumuo vijana hao. Hilo si haki: mtafuta elimu ni mgeni, naye hutozwa sawasawa na wengine. Anayepanga bei ni mwenye nyumba, na kwake ndiko maneno yaelekee.

Ajue mwenye nyumba kwamba ijara ni mkataba wenye kufunga. Aliyepokea kodi ya miezi sita hana ruhusa kumtoa mpangaji mwezi wa nne kwa sababu amepata atoaye zaidi. Kufanya hivyo ni dhuluma. Hata akiiuza nyumba, mpangaji hubaki mpaka muda wake utimie. Muda ukiisha, mali ni yake.

Ama kuuza, katika madhehebu ya Imamu Shafii shufaa ni ya mshirika katika milki, wala si ya jirani tu. Walakini lisilo wajibu huenda likawa hisani kubwa. Abu Rafii alikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya Saad bin Abi Waqqas. Saad alikataa kuzidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu, hali mwingine ametaka kuvinunua kwa dinari 500, nazo ni zaidi ya hizo. Abu Rafii akamwuzia Saad, kwa kuwa alimsikia Mtume akiitaja haki ya jirani.