Mji na Mahame

Mahali palipokaliwa na watu kisha wakapaacha, Waswahili hupaita mahame. Saint-Pierre, mji wa pwani ya magharibi ya kisiwa cha Martinique, haukuhamwa. Asubuhi ya tarehe 8 Mei 1902, Sikukuu ya Kupaa, wingu la gesi na majivu ya moto liliporomoka kutoka Mlima Pelée, na kwa muda wa dakika chache wakafa watu wapatao 28,000. Je, mji ni kuta zake au ni watu wake? Na ikiwa ni watu, ni wepi hao wahesabiwao?

Wafaransa waliuanzisha mwaka 1635. Sukari na ramu viliutajirisha, ukajengewa jumba la tamthilia, ukasifiwa kuwa Paris ya Antilles. Sifa ya mkopo, kana kwamba mji hauwezi kusifiwa ila kwa jina la mwingine. Utajiri huo ulitoka mikononi mwa watumwa, ambao katika madaftari ya mashamba waliorodheshwa pamoja na mifugo. Tarehe 22 Mei 1848 watumwa hao waliinuka katika Saint-Pierre, na kesho yake gavana akatangaza uhuru, kabla amri iliyotiwa saini Paris mwezi uliotangulia haijawasili kwa meli. Ndipo waliokuwa mali wakaandikwa katika daftari jingine na kupewa majina ya ukoo. Mtoto aliyezaliwa mtumwani mwaka 1840 alikuwa na umri wa miaka 62 tu mlima ulipolipuka.

Husemwa mara nyingi kwamba watu walizuiwa mjini kwa ajili ya uchaguzi uliokuwa umebaki siku tatu. Huenda siasa ilichangia. Lakini wengi wa mashamba waliikimbia miteremko ya mlima wakaingia mjini kutafuta usalama. Gavana Louis Mouttet naye alikuja, akafa humo. Kwa hiyo idadi ile ya wafu si idadi ya wenyeji peke yao. Mgeni aliyeomba hifadhi usiku mmoja, je, si mtu wa mji?

Dunia haikushughulika na swali hilo. Ilimpenda Cyparis, mfungwa aliyeokolewa na kuta nene za seli yake, kisha akatembezwa Marekani na kundi la sarakasi na kuonyeshwa kama kioja. Aliitwa mtu pekee aliyesalimika, ingawa Léon Compère-Léandre, fundi viatu, naye alisalimika. Mmoja husimulika kwa urahisi. Wawili tayari wanaiharibu hadithi.

Serikali ilikuwa na jibu lake. Mwaka 1910 ilifuta manispaa ya Saint-Pierre na kuitia chini ya jirani yake, Le Carbet. Lakini watu walikuwa wakirudi, wakijenga juu ya misingi iliyoungua, na mwaka 1923 manispaa ikarejeshwa. Leo wakazi ni kama 4,000, na baadhi ya nyumba zao zimeegemea kuta za wafu.

Katika jumba la makumbusho la mji huo yameandikwa majina ya maelfu ya waliokufa. Wengi zaidi hawamo, kwani majina yao hayakupatikana. Miongoni mwao, bila shaka, wamo waliopewa jina la ukoo mwaka 1848.