Waliomeza Kabla Yetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanakijiji wa Mkuzi, wilayani Muheza, Tanga, walikuwa wakipewa kila mwezi dawa mpya ya kukinga malaria, pirimethamini. Daktari aliyeifuatilia kazi hiyo, David Clyde, aligundua kuwa miezi michache tu ilitosha kwa vimelea kuizoea dawa. Baadaye usugu ule ukaonekana hata kwa watu wa vijiji vya jirani ambao hawakuwahi kupewa kidonge.

Mimi nilisoma famasia Dar es Salaam. Masomo yaliyotutoa jasho yalikuwa famakolojia na elimu ya sumu. Tulikariri dawa inaingilia wapi, inafikaje kwenye damu, ini linaifanya nini, figo zinaitoa baada ya muda gani. Kuhusu pirimethamini tuliandika kwamba inakizuia kimeng'enya ambacho kimelea hukitegemea ili kipate folati, na kwamba badiliko dogo tu la kimeng'enya hicho linaifanya dawa ishindwe kazi. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikafaulu. Habari za Mkuzi nilikuja kuzisoma baadaye, nikaishiwa nguvu. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Muheza. Watu wale wana wajukuu, wengine tumesoma nao. Elimu tuliyoikariri ilipatikana ndani ya miili ya jirani zetu, na hakuna aliyewahi kututajia.

Si Mkuzi peke yake. Huko juu, kwenye Usambara Mashariki, iko Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Walipanda mikwinini, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, magome ya miti ile ndiyo yaliyotoa kwinini ya kutibia askari. Aliyewahi kutibiwa kwa kwinini hahitaji mhadhara wa elimu ya sumu: masikio yanavuma, kichwa kinazunguka, na bado ni dawa ileile inayomwokoa. Robert Koch naye aliwahi kufanya kazi Amani. Katika safari yake ya 1906 na 1907 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, akawatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Ugonjwa uliporudi, dozi ikaongezwa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Sisi tunausoma mpaka kati ya dozi na sumu kwenye jedwali. Wao waliujua kwa macho yao.

Ndiyo maana naamini kwamba elimu hii ni deni, na deni lenyewe halilipwi kwa cheti. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ile haina dawa ya kuizimua na haiondoki kwa kuchemshwa, na kwa macho huwezi kumtambua kasa mwenye sumu. Nani anayestahili kulijua hili kwanza, mwanafunzi anayejiandaa na mtihani au mama wa kijiji cha pwani cha Kigombe anayeinjika sufuria?

Lakini nataka kusema zaidi juu ya dirisha la dawa, maana hapo ndipo deni hili linapokimbiwa kila siku. Chukua dawa mseto ya malaria. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne kila mara, mara sita kwa siku 3. Mara ya pili humezwa saa 8 zikipita baada ya ile ya kwanza, kisha ni asubuhi na jioni. Lumefantrini iliyomo ndani yake haiingii vizuri kwenye damu bila mafuta. Anayeimeza kwa chai ya rangi, tumbo tupu, anaambulia sehemu ndogo ya dawa. Na huku kwetu Tanga mafuta si tatizo: uji wa tui, maziwa, samaki wa kukaanga. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia. Bahasha imeandikwa 4 x 2, mkono unaisukuma dirishani, "Haya, mwingine!" Homa inarudi baada ya majuma machache, na mgonjwa anailaumu dawa.

Wenzangu husema foleni ni ndefu. Ni kweli, nimekaa dirishani na ninaijua. Ila kusema "kula kwanza chakula chenye mafuta" hakuzidi muda wa kuandika ile 4 x 2.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo nawapa sharti moja kabla ya yote: mgonjwa asiondoke mpaka akueleze mwenyewe atakavyoitumia dawa. Juzi kijana mmoja alikuwa na bibi wa makamo dirishani.

"Shikamoo bibi. Hebu niambie, utazimeza vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Vinne nikishakula, na vinne vingine usiku. Homa ikishuka kesho, vitakavyobaki nimwekee mjukuu?"

Kijana akaweka kalamu chini. Akamweleza kwamba vyote 24 ni vyake, homa iwepo isiwepo, kwa sababu vimelea vinavyosalia ndivyo vinavyojifunza kuishinda dawa. Na mjukuu akiugua aletwe apimwe damu, apimwe uzito, apewe dozi yake.